Mukaba wa mpira ndani ya Ferrari: watu wenye wanaifungua kwa mikono yao

Watoto wetu wanazijua kwa majina. Ferrari, Lamborghini, McLaren, Bugatti: wanazitazama ku telefone, wanabishana gani inapita ingine kwa mbio. Sisi wakubwa tunauliza bei, tunacheka, tunarudia kazi yetu. Lakini mutu mwenye anaishi na mashini, mutu wa kamiyo, wa pompe, wa konkasere, yeye ana swali lingine: ile motokari ikifika wakati wa kutengenezwa, nani anaifungua? Na analipwa ngapi?

Jibu la kwanza linashangaza. Tutwae Bugatti Veyron: silindri 16, turbo 4, radiatere 10, nguvu ya farasi 1,001. Kubadilisha mafuta ya motere yake, bei yenye inatajwa Marekani inapita dola 20,000. Tunasema mafuta na filtri, hatusemi motere mupya. Kazi yenyewe ya kumwaga ni ndogo. Bei inatoka kwa saa zinazopita mbele ya kumwaga, kwa maana mufundi anaanza kuvua sehemu kubwa za mwili wa motokari ili mukono wake uweze tu kuingia.

Jibu la pili ndilo limetufanya tuandike habari hii. Kuko watu, Ulaya na Marekani, wenye walinunua motokari za namna hii zikiwa zimezeeka, kiisha wakakataa kuzipeleka ku garaje ya kampuni. Wanazifungua wenyewe, nyuma ya nyumba, siku ya posho na siku ya Mungu. Wengi wao si mafundi wa kazi. Wengine wanafanya hivyo juu ya bei. Wengine wanasema: kitu ni changu, nataka kukijua ndani. Tulitafuta kuelewa namna gani wanafanya, na tukakuta mambo yenye yanatugusa hata sisi huku, mbali na Italia.

Mutu wa trakta

Mazoea haya hayakuanza jana. Ferruccio Lamborghini alizaliwa mwaka 1916, mutoto wa walimaji wa zabibu, katika jimbo la Emilia kule Italia. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa fundi wa mashini za jeshi la anga ku kisiwa cha Rhodes. Vita vilipoisha, akakusanya mashini zilizoachwa na majeshi, akazigeuza kuwa trakta kwa walimaji wa kwao. Akapata mali, akanunua Ferrari.

Ile Ferrari ilikuwa na matata ya ambriyaje. Lamborghini mwenyewe alisimulia kwamba, kisha kuchoka na safari za garaje, aliifungua katika kiwanda chake. Akakuta ndani ambriyaje ya namna ileile yenye alikuwa anaweka ku trakta zake, tofauti ilikuwa paka bei. Akaenda kumwambia Enzo Ferrari, na hawakusikilizana. Mwaka 1963 akafungua kampuni yake ya motokari katika muji mudogo wa Sant'Agata Bolognese.

Watu wanaisimulia hadithi hii kwa namna mbalimbali, lakini funzo lake halibadiliki. Mutu mwenye kushika trakta kila siku hakuogopa chuma chenye jina kubwa. Alijua kwamba chini ya rangi nyekundu kuko bulo, kuko visi, kuko mafuta, sawa na kwingine.

Mpira mbele ya chuma

Tutwae sasa motokari moja yenye wale watu wanaizungumza sana: Ferrari F355. Ilitokea mwaka 1994, ikatengenezwa mpaka 1999, zaidi ya motokari 11,000. Motere yake iko nyuma ya viti: silindri 8, litri 3 na nusu, na kila silindri iko na supape 5. Ndiyo maana ya lile jina, 35 na 5. Supape zote pamoja ni 40. Nguvu yake ni farasi 380, na inazunguka kupita mara 8,000 kwa dakika. Fimbo zinazoshika pistoni ni za titani.

Basi, ndani ya mashini ya namna hii, kitu chenye kushika maisha ya motere yote ni mikaba miwili ya mpira yenye meno. Mafundi wetu wanaiita kuruwa. Kazi yake ni kufunga fimbo kubwa ya chini, yenye inazungushwa na pistoni, pamoja na fimbo za juu zenye zinafungua na kufunga supape. Chini na juu vinapaswa kwenda pamoja sawa wachezaji wa ngoma moja. Pistoni ikipanda, supape iwe imefunga. Mukaba ukikatika, au ukiruka meno machache, supape inabaki wazi, pistoni inapanda, chuma kinapiga chuma. Kwa nukta moja motere ya bei ya nyumba imekuwa vipande.

Na mukaba hautoi habari. Motere yenye haina mafuta inapiga kelele, na radiatere yenye inavuja inaacha alama ya maji chini. Mukaba unazunguka vizuri leo asubuhi, unakatika leo saa sita.

Tena kuko jambo lenye watu wengi hawalitazami. Mpira unazeeka hata motokari ikisimama. Mwenye Ferrari anaitoa siku za jua tu, kwa mwaka mara chache, anaangalia kilomita, anaona ni kidogo, anajiambia: iko mupya. Lakini joto, mafuta na miaka vinaukausha ule mpira polepole. Kwa hiyo wenye F355 wanahesabu kwa kalenda: kila miaka 3 mpaka 5 mikaba inabadilishwa, hata kama motokari haikutembea.

Kushusha motere ili kubadilisha mpira

Mikaba yenyewe, pamoja na tugurudumu twenye tunaikaza, ni vitu vya mamia ya dola. Lakini garaje inaomba dola maelfu, mara nyingi karibu 10,000 na kupita. Sababu ni moja: katika F355 mikaba iko upande wa mbele wa motere, inatazama ukuta wa nyuma ya viti. Hakuna mukono unaingia pale. Ni lazima kushusha chini motere yote, pamoja na buate ya vitesi na kipande cha shasi chenye kuibeba. Wale watu wanasema vizuri: hatutoi motere mu motokari, tunainua motokari juu ya motere.

Kazi inaenda hivi. Kwanza wanafungua batri. Wanamwaga maji ya radiatere na mafuta. Wanatoa nguvu ya esansi katika mabomba, mbali na moto wote. Gazi ya klimatizere hawaiachi ipotee hewani: Marekani sheria inakataza, na tena inachoma mukono na macho kwa baridi. Wanaita mutu mwenye mashini ya kuivuta.

Kisha inakuja kazi ya saburi. Kila bomba, kila waya, wanauandikia jina mbele ya kuufungua. Kila kundi la mabulo linaingia mu sashe yake, na juu ya sashe wanaandika kwa biki: haya yalitoka wapi, mangapi. Wanapiga picha mbele, wanapiga picha nyuma. Mutu mwenye kuwa na haraka, mwenye kutupa mabulo yote mu kopo moja, atalia siku ya kufungia.

Motere inalazwa juu ya meza yenye nguvu, ya magurudumu. Mabulo makubwa ya shasi yanafunguliwa, na mwili wa motokari unainuliwa polepole, mutu mumoja kila upande akitazama kama hakuna waya uliosahauliwa. Kiisha motere inasukumwa nje, na kwa mara ya kwanza mwenye motokari anaona kile alichonunua.

Mbele ya kugusa mikaba, motere inazungushwa kwa mukono mpaka alama zake zikutane. Fimbo za juu zinafungwa zisisogee. Mikaba ya zamani inatoka, mipya inaingia, inakazwa kwa kipimo. Sasa hapa ndipo wajinga wanaanguka: wanataka kusikia mulio wa motere. Mwenye akili anazungusha tena kwa mukono, mara mbili kamili, polepole. Kama kitu kinagonga, mukono utasikia mbele ya chuma kuvunjika. Anaangalia alama tena. Zikiwa mahali pake, ndipo anafungia. Kila bulo inakazwa na ule ufunguo wenye kupima nguvu. Hakazi paka kwa kusikia mu mukono, kwa maana bulo ya chuma mu motere ya aluminiumu inakula uzi wake upesi.

Motere ikiwa chini, wale watu hawatazami mikaba peke yake. F355 inajulikana kwa mabomba ya moshi yenye yanapasuka karibu na motere, na kwa viongozi vya supape vyenye vinaliwa mbele ya wakati. Wanaangalia pompe ya maji, mabomba ya mpira, ambriyaje. Hapa kuko mutego: kila kitu kinasema "nibadilishe na mimi". Mutu alianza na bajeti ya mpira, anamaliza na bajeti ya motere. Wazee wa kazi hii wanatoa shauri moja: andika mbele ya kuanza ni kitu gani utabadilisha na ni kitu gani utatazama tu.

Si Ferrari zote ziko ngumu hivyo. Moja ya zile za zamani zaidi, 328, motere yake imelala kwa upana. Mutu anavua gurudumu ya nyuma ya kuume, anafika ku mikaba kwa kupitia pale. Katika 360, yenye ilikuja mwaka 1999, kampuni iliweka mulango mudogo nyuma ya viti, na motere haishuki tena. Mwaka 2004, na F430, mikaba ilikwisha, wakaweka munyororo. Hata kampuni ilikuwa imejifunza kitu ku ile kazi.

Uzito wa kilo 1,400

Tuseme neno hapa juu ya usalama, kwa maana tunaandikia nyumba zenye zinajua maana ya kumungojea mutu na asirudi.

F355 inapita kilo 1,300 ikiwa haina kitu ndani, na ikijaa mafuta na maji inakaribia 1,400 ao kupita. Kriki ni ya kuinua, si ya kushika. Mafuta yake ya ndani yanaweza kuvuja, inaweza kuteleza, udongo unaweza kushuka chini yake. Wale wenye kufanya kazi nyumbani wako na sheria yenye haina kusameheana: motokari ikiinuliwa, inalazwa juu ya miguu ya chuma, ku simenti ngumu, kiisha inasukumwa kwa nguvu mbele ya mutu kuingia chini. Kama itaanguka, ianguke wakati hakuna mutu. Tena wanalaza gurudumu yenye walivua chini ya shasi, kama ulinzi wa pili. Na hawafanyi peke yao nyumbani: mutu mumoja anajua kwamba mwenzake yuko chini.

Mutu wa mugodi anaijua sheria hii. Ku kazi, mbele ya fundi kuingia mu konkasere, moto wa umeme unakatwa, kadena inafungwa, na ufunguo wa kadena unakaa mu mufuko wake mwenyewe. Hakuna shefu mwenye kuweza kuwasha mashini juu yake. Lakini yuleyule baba, akifika nyumbani, tunamwona chini ya motokari yenye inashikwa na kriki moja na matofali mawili, na mutoto anacheza karibu. Tofali inapasuka bila kusema. Tuseme kweli: sekirite haikai ku mulango wa kampuni. Ni ya mwili wa mutu, na mwili unarudi nao nyumbani.

Mahali mukono unasimama

Kuko kazi zenye mukono wa mwenyewe hauwezi tena. McLaren F1, yenye ilitengenezwa 106 tu, ilikuja na vifaa vya mukononi vya titani vya Facom, zawadi ya kumuvuta mwenyewe afungue. Lakini ili kuzungumza na akili ya umeme ya ile motokari, mafundi walihitaji ordinatere ya Compaq ya miaka ya 1990, yenye haitengenezwi tena. Kwa miaka mingi, motokari ya mamilioni ilikuwa inangojea ordinatere ya kizee yenye hakuna mutu angeiokota ku njia.

Jambo hili liliingia hata mu siasa. Mwaka 2012, watu wa jimbo la Massachusetts, kule Marekani, walipiga kura juu ya swali hili: kampuni za motokari zilazimishwe kutoa habari za kutengeneza kwa wenye motokari na kwa garaje ndogo? Wengi sana walisema ndiyo. Mwaka 2014 kampuni zikakubali kufuata njia hiyo kwa inchi yote ya Marekani. Wengi walioguswa na swali hili si wenye Ferrari. Ni watu wa motokari za kila siku, wenye walichoka kuambiwa: ulinunua chuma, lakini ufunguo wa akili yake tunabaki nao.

Na motokari mpya za namna hii zinaleta kizuizi kingine. LaFerrari na McLaren P1 za mwaka 2013, SF90 ya mwaka 2019, zote ziko na batri kubwa na motere ya umeme pamoja na motere ya esansi. Waya zake nene ziko na rangi ya machungwa, na ile rangi inasema: kufa kuko hapa. Si volti 12 za batri ya kawaida, ni mamia ya volti. Mutu asiyefundishwa asiziguse, hata awe fundi wa miaka 30.

Tunajua vizuri ile rangi ya machungwa inaficha nini ndani: ni shaba. Na katika batri nyingi za motokari za umeme za leo kuko kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu inchi yetu, hapa Katanga na Lualaba. Mikono yetu iko mu ile mashini tangu mwanzo wake. Siku moja ile mashini ikifika huku, vijana wetu wanapaswa kujua kuifungua, si kuichimbia peke yake. Wenye mutoto ku shule ya mekanike, muulizeni kama wanamufundisha umeme wa motokari. Kama hapana, hilo ni neno la kupeleka ku mukutano wa wazazi.

Na ya kwetu?

Hakuna Ferrari ku njia ya Kipushi. Lakini mukaba wa mpira uko, na uko mwingi. Toyota nyingi za miaka ya 1990 ziko na mukaba. Nyingi zenye zilikuja nyuma ziko na munyororo. Land Cruiser ya mazutu yenye motere ya 1HZ, ile yenye tunaiona ku migodi kila siku, iko na mukaba. Ku tablo yake kuko kataa kadogo kenye kuandikwa T-BELT, kanawaka kilomita zikifika.

Lakini tukumbuke funzo la F355: kale kataa kanahesabu kilomita, hakahesabu miaka. Tena motokari nyingi zenye tunanunua zilitembea ku inchi ingine mbele ya kufika kwetu. Nani anajua kama tablo haikubadilishwa, kama kilomita hazikurudishwa nyuma? Mu motere nyingi za mazutu mukaba ukikatika, supape na pistoni vinagongana, sawasawa na mu Ferrari. Kuko motere zingine zenye zinasimama tu bila kuvunjika, lakini kusimama usiku, barabara ya Likasi, na kamiyo za minerai zinakuja nyuma, nayo si jambo la kucheza.

Basi, ndugu mwenye motokari, na mama mwenye kushika mafranga ya nyumba, haya yanaweza kufanywa bila kuwa fundi. Uliza motere yako iko na mukaba ao munyororo. Fundi wa kweli atajibu palepale. Kama ni mukaba, na hakuna karatasi yenye kuonyesha siku ulibadilishwa, uhesabu kwamba haukubadilishwa. Ukiubadilisha, badilisha na kagurudumu kenye kuukaza, kwa maana kakikwama kanakata hata mukaba mupya. Omba fundi akuonyeshe ule wa zamani, uushike, utazame kama umepasuka. Mwambie azungushe motere kwa mukono mbele ya kuwasha. Kama anakataa, tafuta mwingine.

Kiisha twaa kaye ya shule, ya bei ndogo, uandike: tarehe, kilomita, kitu gani kimebadilishwa, fundi nani. Iweke mu motokari. Wale wenye Ferrari wanaichunga kaye yao sawa hati ya kiwanja, kwa maana siku ya kuuza, mununuzi anaisoma mbele ya kutazama rangi. Siku ya kuuza Toyota yako, mununuzi mwenye akili atafanya vilevile. Na siku baba hayuko, mutoto mwenye kuirizi ile motokari atajua mukaba wake una miaka mingapi.